Kupiga Picha na Kupigwa Picha: Uhakiki Mfupi kutoka Mbarara na Nakivale

Utangulizi

Katika ziara yetu ya mafunzo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, tuliwapa wanafunzi kazi iliyoonekana rahisi. Wawaulize wenyeji wao habari za picha walizo nazo nyumbani, kisha waandike majibu kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha. Lengo letu lilikuwa kukusanya Kiswahili cha mazungumzo. Hatukuwa na nia ya kujadili sanaa ya picha.

Mama mmoja aliyetoka upande wa Rutshuru, Kongo, alituletea picha mbili ndani ya mfuko wa nailoni. Ya kwanza ilimwonyesha yeye na marehemu mumewe mbele ya pazia la studio. Ya pili ilikuwa kwenye kipeperushi cha shirika fulani: yeye mwenyewe katika foleni ya maji, ameshika dumu la njano. Tulipomwuliza habari za picha hizo alijibu kwa ufupi: "Hii nilipiga mimi, mwalimu. Ile walinipiga."

Mwanafunzi aliyekuwa akiandika aliweka alama ya kuuliza pembeni mwa neno "nilipiga". Mama yumo ndani ya picha, kamera alikuwa nayo mtu mwingine. Vipi aseme alipiga yeye? Mjadala ulianza palepale, ukaendelea ndani ya basi hadi Mbarara. Makala hii ni sehemu ya mjadala huo. Hoja yetu ni kwamba sentensi mbili za mama huyu zina kipimo cha uhakiki kinachotosha kuisoma historia ya picha katika sehemu zetu: ni lini mtu alipiga picha, na ni lini alipigwa?

Maneno ya picha

Tuanze na msamiati, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Neno "picha" tumelikopa kutoka Kiingereza. "Taswira" na "sura" yametoka katika Kiarabu, na yote mawili yana mzizi mmoja. Wasomali wa Nakivale huita picha "sawir", neno la mzizi huohuo. Hivyo, mwalimu mwenye mwanafunzi Msomali darasani ana mlango mzuri wa kumwingiza katika maneno "sura" na "taswira". Wakongomani wengi husema "foto", kutokana na Kifaransa.

Lugha za Kibantu zinazotuzunguka zimeshika njia nyingine. Mganda huita picha "ekifaananyi", na Mswahili yeyote atakisikia humo kitenzi chetu cha kufanana. Mnyankole husema "ekishushani", neno linalobeba wazo hilohilo la mfanano, na "ishusho" ya Kinyarwanda ni ndugu yake. Kwa wasemaji hawa, picha ni kifananyi, na kifananyi lazima kiwe cha mtu au kitu fulani. Swali linalofuata mara moja ni: cha nani? Tunaomba msomaji alikumbuke swali hilo, maana tutalirudia.

Kitenzi "piga"

Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, katika kitabu chake *On Photography* cha mwaka 1977, alionyesha jinsi Kiingereza kinavyoizungumzia kamera kama bunduki: hujazwa, hulengwa, hufyatuliwa. Baadhi ya wanafunzi wetu, baada ya kusikia hoja hiyo, walikimbilia kusema kwamba Kiswahili nacho ni hivyohivyo, kwani tunapiga picha kama tunavyopiga risasi.

Hatukubaliani nao. "Piga" katika Kiswahili ni kitenzi kinachobebeshwa maana na nomino inayokifuata. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga hodi. Mtu anayepiga hodi hamjeruhi mwenye nyumba, anamwomba ruhusa. Kwa hiyo ukali, kama upo, haumo katika mzizi wa kitenzi. Inatupasa kuutafuta kwingine: ni nani mtenda, na ni nani mtendwa?

Tuzingatie matumizi ya kila siku. Binti aliyetoka kwa msusi husema, "Nimesuka." Kijana aliyetoka kwa kinyozi husema, "Nimenyoa." Mtu aliyejengewa nyumba na mafundi husema, "Nimejenga." Vivyo hivyo, aliyekwenda studio kuketi mbele ya kamera husema, "Nimekwenda kupiga picha." Katika sentensi hizi zote fundi yupo, lakini hakupewa nafasi ya kiima. Nafasi hiyo ni ya mwenye shughuli: aliyekwenda kwa hiari yake, akachagua mtindo, akalipa, na akaondoka na kitu chake.

Tazama sasa "walinipiga". Kiambishi "wa-" kinawataja watu wasiojulikana, na "-ni-" kinamweka msemaji mahali pa mtendwa. Hakwenda, aliendewa. Hakuchagua namna ya kusimama. Nakala hakupewa, kipeperushi kile alikipata kwa bahati, baada ya jirani kukiokota. Mama hakukosea sarufi hata kidogo. Alitofautisha hali mbili ambazo vitabu vingi vya picha huzichanganya.

Walipigwa: kamera ya mgeni

Njia ya Daguerre ya kutengeneza picha ilitangazwa Paris mwezi Agosti 1839. Haikupita hata miaka kumi kabla kamera haijafika kwetu: Mfaransa Charles Guillain alikuja nayo pwani ya Afrika Mashariki katika safari zake za 1846 hadi 1848. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja kabla ya kuingia bara pamoja na Speke. Safari yao iliwafikisha Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, si mbali na ilipo Nakivale leo. Huko bara, hata hivyo, Grant alitegemea zaidi kuchora kwa mkono.

Kwa upande wa Ankole, mfano unaofahamika ni wa John Roscoe, mmishenari aliyegeuka kuwa mtafiti. Baada ya msafara wake wa 1919 na 1920 alitoa kitabu *The Banyankole* mwaka 1923, chenye picha za watu, ng'ombe na nyumba. Kitabu hicho kina faida. Wajukuu wa watu wale wanaweza kuona humo mavazi na mitindo ambayo sasa haipo. Lakini wengi wa wanaoonekana wamewekwa pale kama mifano: huyu ni wa wafugaji, yule ni wa wakulima, hivi ndivyo wanavyofanya kazi fulani. Tukirudi kwenye swali la "kifananyi cha nani?", ukurasa unatujibu: cha kabila, au cha kazi. Jina la mtu halionekani kuwa na umuhimu.

Walipiga: studio na kitambaa cha nyuma

Hali hii haikudumu peke yake. Pwani, studio kama ile ya A. C. Gomes ya Unguja zilikuwapo tangu karne ya kumi na tisa. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, studio ya N. V. Parekh iliwapokea mabwana harusi, marafiki, na akina mama waliotaka kuonekana kwa namna waliyoipanga wenyewe. Lamu, Omar Said Bakor (1932–1993) alikata na kuunganisha picha mbalimbali hadi zikawa picha moja ambayo kamera peke yake isingeweza kuitoa. Mteja alikwenda kwa mafundi hawa kama anavyokwenda kwa fundi cherehani.

Mbarara nayo ilikuwa na mtu wake. Musa Katuramu, mwalimu wa useremala, alipiga picha za watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930. Hakuja kutafiti, aliishi nao. Negativu zake zilitunzwa na mwanawe, na baadaye zikaingizwa katika mradi wa History in Progress Uganda ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens wa Uholanzi na Rumanzi Canon wa Uganda. Picha zenyewe zilitolewa kitabu katika mfululizo uitwao *Ebifananyi*, jina ambalo msomaji wetu sasa hahitaji kutafsiriwa.

Weka kitabu cha Roscoe na kile cha Katuramu juu ya meza moja. Sehemu ni ileile, na tofauti ya wakati si kubwa sana. Lakini watu wa Katuramu wanasimama kwa namna nyingine. Wamejiandaa, wanajua kwamba wanaonekana, na wanamtazama mtu wanayemfahamu. Hawaonyeshi namna Wanyankole wanavyovaa; kila mmoja anaonyesha jinsi yeye alivyovaa siku ile. Kwa sarufi ya mama wa Rutshuru, hawa walipiga.

Wala tusidhani kwamba jambo hili linaishia katika siku ya kupiga. Mtafiti Richard Vokes, katika makala aliyoichapisha mwaka 2008, alichunguza jinsi wanakijiji wa Bugamba, kusini-magharibi mwa Mbarara, walivyozitunza na kuzipanga picha katika albamu zao nyakati za ukimwi. Picha iliendelea kufanya kazi baada ya mwenyewe kuondoka duniani. Kule Kigali, katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari iliyofunguliwa mwaka 2004, chumba kizima kimepambwa kwa picha zilizotolewa na familia za waliouawa. Nyingi ni picha za kawaida za studio na za sherehe. Walipozipiga walitaka tu kupendeza. Leo ndizo shahidi.

Sura bila mwili, mwili bila sura

Kuna hali ya tatu, nayo ni ya ofisi. Mfano wake bora katika Uganda unatoka Gulu. Mwaka 2011 Martina Bacigalupo, mpiga picha wa Kiitalia, alikuta katika Gulu Real Art Studio mabaki ya picha nyingi za watu walioketi vizuri, kila picha ikiwa na tundu la mraba mahali pa uso. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Mashine ya pasipoti ilitoa picha nne kwa mara moja, na wapo waliohitaji moja tu. Fundi alipiga picha ya kawaida, akaikata sura kwa ajili ya kitambulisho, na sehemu iliyobaki akaitupa.

Mabaki hayo yalitolewa kitabu mwaka 2013 na kuonyeshwa New York. Ni kazi yenye nguvu. Ofisi ilihitaji sura tu, ikaacha mikono iliyokunjwa, koti la kuazima, na mtoto aliyepakatwa. Lakini tuna neno la kusema. Watu wale walikwenda studio kwa miguu yao kupiga picha ya kazi fulani, nao waliipata. Mabaki yao yalipowekwa ukutani ng'ambo ya bahari, tena bila majina, hali yao iligeuka. Walikuwa wamepiga, sasa wamepigwa, ingawa hakuna aliyewarudisha mbele ya kamera. Hata bingwa wa Bamako, Seydou Keïta, yalimpata yanayofanana na hayo: mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani, ilhali alikuwa hai nyumbani kwake Mali. Hitimisho letu hapa ni kwamba maelezo chini ya picha yana uwezo wa kumpa mtu nafasi ya kiima au kumnyang'anya.

Nakivale

Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo wakazi wake, zaidi ya laki moja, wametoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Kiswahili, ambacho kwa muda mrefu Waganda wengi walikihusisha na askari, pale ni lugha ya sokoni na ya ujirani.

Mkazi wa Nakivale huonwa na kamera za aina tatu. Ya kwanza ni ya uandikishaji. Mwaka 2018, baada ya madai kwamba idadi ya wakimbizi vitabuni ilikuwa imeongezwa, Serikali ya Uganda na UNHCR ziliwahakiki wakimbizi nchi nzima kwa kuchukua picha, alama za vidole na za mboni za macho. Ya pili ni ya mgeni anayetafuta habari au michango. Ya tatu ni simu ya mkazi mwenyewe.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mbili za kwanza ni mbaya na ya tatu ni nzuri. Hatusemi hivyo. Picha ya uandikishaji, ingawa mtu hupigwa, ndiyo inayomwezesha kupata chakula na kuthibitisha kwamba mtoto ni wake. Picha ya mgeni huweza kuleta kisima. Nayo simu haimfanyi kila mtu kuwa mtenda: kijana anayempiga jirani aliyelewa na kuisambaza picha hiyo hana tofauti na mgeni asiyeomba ruhusa. Umiliki wa kifaa hautoshi. Kinachotofautisha ni mambo matatu tuliyoyaona katika "nimesuka": hiari, uchaguzi, na nakala. Tunaongeza la nne, ambalo msusi halihitaji lakini kifananyi kinalihitaji, yaani jina, pale mwenyewe anapotaka litajwe. Kwa mkimbizi, kutotajwa kunaweza kuwa usalama wake. Lakini basi uamuzi uwe wake, usiwe wa mwandishi wa maelezo.

Kwa kipimo hicho tunakipongeza kitabu cha Katuramu kwa kumrudishia mpiga picha jina lake na kuzitafutia picha zake wasomaji. Hapohapo tunalalamika kwamba mfululizo huo umeandikwa hasa kwa Kiingereza. Neno "ebifananyi" lipo juu ya jalada, lakini mazungumzo ya ndani yanaendeshwa katika lugha ambayo wengi wa wazee wanaoweza kusema "huyu ni shangazi yangu" hawaisomi. Kazi ya kuwaandikia kwa Runyankole na kwa Kiswahili bado ipo, na ni ya watu kama sisi.

Hitimisho, pamoja na kosa letu

Hatuwezi kumaliza bila kujihakiki. Mama yule alituomba tumsaidie kusafisha picha ya studio, kwa sababu ilikuwa inafifia upande wa uso wa mumewe. Tulikwenda nayo Mbarara kwa fundi wa picha. Alipomaliza kuikuza alituuliza tunataka aandike majina gani chini. Tulifungua daftari la mwanafunzi wetu. Lilikuwa limeandikwa: "Mama, Rutshuru, Kiswahili cha Kongo, miaka 50 hivi." La mumewe halikuwamo kabisa. Tulikuwa tumemwandika kama Roscoe alivyowaandika Wanyankole mwaka 1923, nasi tuna shahada za isimu.

Isitoshe, siku ileile wanafunzi walikuwa wamewapiga watoto picha chini ya mti, na tulikwisha kukubaliana kwamba moja ingefaa kwa ukurasa wa mbele wa toleo hili. Hakuna aliyekuwa amewauliza watoto wala wazazi wao. Ndiyo maana, ndugu msomaji, ukurasa wa mbele safari hii hauna picha.

Tulirudi Nakivale wiki mbili baadaye tukiwa na picha ya studio iliyokuzwa na nakala za watoto. Mama alitutajia jina lake na la mumewe, akataka yaandikwe nyuma ya picha, si mbele. Tulifanya hivyo kwa kalamu. Hapa hatuyachapishi kwa kuwa hatukumwomba ruhusa ya jambo hilo.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja la kuanzia. Mwambie kila mwanafunzi alete picha moja ya nyumbani kwao, aandike maelezo ya sentensi tatu, na aamue kama mtu aliyemo alipiga au alipigwa, akitoa sababu zake. Zoezi hili linafundisha kauli ya kutendwa, viambishi vya nafsi na uandishi wa maelezo kwa wakati mmoja. Vilevile linamlazimu mwanafunzi kurudi nyumbani na kuuliza: huyu aliyesimama kushoto ni nani? Mara nyingi aliye na jibu ni mtu mmoja tu, naye ni mzee.

Walimu watakaolijaribu tunawaomba watuletee matokeo ili tuyajadili katika toleo lijalo.